Foklifti ikiingia ghalani, nani analinda miguu ya kuli?

MSIMU wa mavuno ukifika wilayani Bahi, mpunga wa Bahi Sokoni pamoja na mtama, uwele na ufuta wa vijiji vya jirani hupita mahali pamoja kabla ya kumfikia mnunuzi: begani kwa kuli. Ndiye anayepokea mzigo kwenye lori, anaupeleka kwenye mizani, anaupandisha juu ya magunia mengine na, bei ikipatikana, anaushusha tena na kuupakia. Mkulima anahesabu magunia yake, mfanyabiashara anahesabu faida yake, lakini mgongo wa kuli hauna wa kuuhesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lori la tani 30 hubeba magunia 300 ya kilo 100. Kundi la watu kumi likilishusha, kila mmoja amebeba magunia 30, yaani tani tatu, na hilo ni lori moja tu. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika Pendekezo lake Na. 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo unaobebwa na mwanaume mmoja mtu mzima usizidi kilo 55. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili ya kiwango hicho, na hapo bado hatujaigusa lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita miaka nenda rudi.

Ndiyo maana mashine ya kunyanyulia mizigo inapofika mahali hupokelewa kama mkombozi. Mashine tunayoizungumzia hapa ni ile fupi, ya magurudumu manne, yenye mlingoti mbele na meno mawili ya chuma yanayoingia chini ya chaga ya mbao na kuinyanyua pamoja na mzigo wake. Wengi wanaifahamu kwa jina la foklifti. Foklifti ya tani mbili na nusu inachukua chaga yenye magunia 20 ya kilo 100 kwa safari moja. Kazi ya watu kumi ya saa nzima inakuwa ya dakika chache.

Katika maghala mengi ya Bahi kazi hiyo bado inafanywa na mabega. Lakini mashine haiko mbali. Bahi mjini ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Dodoma, na Dodoma ya leo si ile ya zamani. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, na mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, maghala ya saruji, mabati, mbolea na unga yameongezeka, na pamoja nayo zimekuja mashine ambazo awali zilikuwa za wafanyakazi wa bandari na viwanda vya Dar es Salaam. Kijana wa Bahi anayekwenda mjini kutafuta kibarua baada ya mavuno anaweza kukutana nayo siku yake ya kwanza kazini, akiwa amevaa kandambili.

Upande wa nafaka nako mambo yanabadilika. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanza kazi mwaka 2008, uliingia katika mradi wa vihenge na maghala ya kisasa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 55 kutoka Poland. Mradi huo ulilenga maeneo manane, Dodoma ikiwamo, pamoja na Babati, Shinyanga, Makambako, Songea, Mbozi, Sumbawanga na Mpanda, na shabaha yake ilikuwa kupandisha uwezo wa hifadhi kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000. Nafaka nyingi hufika kwenye vihenge hivyo ikiwa bado ndani ya magunia. Kwa upande wa vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS), mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2005, umekuwa ukipanuka hadi kwenye ufuta, mbaazi na dengu. Mazao yanayokusanywa pamoja yanataka ghala kubwa, na mwenye ghala kubwa hachelewi kuwaza kukodi mashine.

Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaanza pale mashine inapoingizwa kwenye ghala lililojengwa kwa ajili ya watu, huku watu wakiachwa wafanye kazi vilevile kama jana.

Anayeumia ni nani

Mtu asiyeijua foklifti hudhani anayehatarisha maisha ni dereva. Takwimu za Marekani, ambako mashine hizi zimeenea kwa miongo mingi, zinaonyesha picha nyingine. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya nchi hiyo (NIOSH) ilichunguza vifo vilivyotokana na foklifti kati ya mwaka 1980 na 1994, ikakuta wafanyakazi 1,021 wamekufa. Katika kila vifo 100, vipatavyo 22 vilitokana na mashine kupinduka. Vingine 20 vilikuwa vya watu waliogongwa wakiwa wanatembea kwa miguu, 16 vya waliobanwa na mashine, na tisa vya walioanguka kutoka kwenye mashine. Ukiacha kupinduka, ambako dereva ndiye wa kwanza kudhurika, sehemu kubwa ya waliobaki ni watu wa pembeni: mbebaji, mpanga magunia, karani mwenye daftari lake.

Ghala letu la nafaka lina watu wa pembeni wengi kuliko ghala la Marekani. Kule chaga inapangwa kwenye rafu ndefu za chuma, na mtu mmoja au wawili wanatosha. Huku kuna makuli kumi na tano, mnyapara wao, mtunza ghala, mnunuzi na bambo lake la kutolea sampuli, akina mama wanaofagia na kupepeta nafaka iliyomwagika, mkulima aliyesindikiza magunia yake ili yasichezewe, na mara nyingine mtoto aliyemletea baba yake chakula. Wote hao wako sakafuni, na katikati yao inapita chuma.

Uzito wa chuma hicho unawapotosha wengi, kwa kuwa foklifti ni fupi kuliko gari dogo. Ili iweze kunyanyua tani mbili na nusu bila kuinuka nyuma, imewekewa kizibo kizito cha chuma kisogoni. Mashine tupu ya uwezo huo ina uzito wa tani nne hivi, sawa na magari madogo matatu. Gurudumu lake likipita juu ya mguu uliovaa kandambili hakuna cha kuuguza, ni kukata. Tena haiendi polepole kama inavyoonekana. Ikitembea kilomita 10 tu kwa saa, inakwenda karibu mita tatu katika sekunde moja ambayo dereva anaitumia kushtuka kabla hata hajagusa breki.

Jambo la pili ambalo kuli anapaswa kuambiwa siku ya kwanza ni kwamba foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Gari la kawaida likikata kona kulia, pua ndiyo inayokwenda kulia na mkia unafuata. Foklifti inafanya kinyume: pua inageuka taratibu na mkia unafagia upande wa pili kwa nguvu. Mtu aliyesimama kando, akijiona salama kwa kuwa meno ya mashine yanaelekea kwingine, anajikuta amebanwa kati ya kisogo cha mashine na ukuta, au kati yake na magunia.

La tatu ni macho. Chaga yenye magunia 20 inamziba dereva mbele. Utaratibu unaokubalika ni aendeshe kinyumenyume akiwa na mzigo mrefu, akitazama anakokwenda, lakini dereva mwenye haraka huchungulia kando ya mzigo na kuendelea mbele. Ongeza na jua la Dodoma: dereva anatoka kwenye mwanga mkali wa saa saba mchana, anaingia mlangoni, na kwa sekunde kadhaa haoni kitu ndani ya ghala lisilo na taa na lililojaa vumbi la mtama. Mlango ni mmoja, na makuli wanatoka kwa mlango huohuo.

Mashine inavyopinduka

Kupinduka nako kunastahili maelezo, maana wengi hufikiri kunatokea kwa kuzidisha mzigo tu. Foklifti ni kama ubao wa bembea wa watoto: magurudumu ya mbele ndiyo nguzo ya katikati, mzigo uko upande mmoja na kizibo cha nyuma upande mwingine. Kila foklifti ina kibao cha chuma kinachoeleza uwezo wake na umbali ambao uwezo huo unapimwa. Kibao kikiandika kilo 2,500 kwa milimita 500, maana yake ni kwamba kitovu cha mzigo kisipite nusu mita kutoka kwenye ukuta wa meno. Magunia yakipangwa ovyo hata kitovu kikasogea hadi robo tatu ya mita, mashine ileile huenda isiwe na uwezo wa zaidi ya tani mbili hivi. Magunia ni yaleyale, mashine ni ileile, kilichobadilika ni mpangilio.

Halafu kuna urefu. Mzigo ukiwa juu na mashine ikakata kona, au gurudumu moja likaingia kwenye shimo, mashine inalala ubavu. Sakafu ya maghala mengi ya vijijini ni saruji nyembamba iliyopasuka, na nje ya mlango ni udongo, ambao pale Bahi sehemu nyingi ni wa mbuga: mkavu una nyufa, ukilowa ni utelezi. Foklifti nyingi za ghalani zina matairi madogo, mengine ya mpira mtupu usiojazwa upepo. Hazikutengenezwa kwa ajili ya ardhi hiyo. Mwenye ghala anayefikiria kukodi mashine aanze na sakafu. Asipokuwa na uwezo wa kuitengeneza hadi pale lori linaposimama, bora fedha hiyo ainunulie mkanda wa kupandishia magunia au matoroli mazuri.

Mashine inapoanza kulala, kila dereva anataka kuruka. Kufanya hivyo ndiko kunakomuua, kwa sababu paa la chuma lililo juu ya kiti humwangukia akiwa hewani. Mafunzo yote ya kazi hii yanasema kitu kimoja: baki kitini, mkanda ukiwa umefungwa, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, inamia upande wa pili wa kule mashine inakoangukia. Sasa waulize madereva wa mashine zilizoingia nchini zikiwa zimetumika ni wangapi wana mkanda unaofunga.

Kuna tabia moja mbaya kuliko zote, nayo ni ya kupanda juu ya meno. Mpanga magunia anataka kufika kileleni, ngazi haipo, dereva anamwambia panda, anainuliwa mita tatu kama mfalme. Hana cha kushika, na mlingoti ulio mbele yake una minyororo inayosaga vidole. Wanaoanguka hapo hawaanguki kwa uzembe wao peke yao. Ghala lisilo na ngazi limewapandisha.

Magunia yenyewe yanaua pia. Zamani gunia lilikuwa la katani au juti, lililoshikana na mwenzake. Siku hizi ni sandarusi, na sandarusi juu ya sandarusi inateleza. Mrundikano uliopangwa kwa kupishanisha, tabaka moja likifunga jingine, huku kila upande ukiingia ndani kidogo kadiri unavyopanda, unaweza kustahimili. Uliopangwa wima kama ukuta unasubiri jino la foklifti liguse gunia la chini. Kwa hiyo ule utaratibu wa kuacha mita moja kati ya magunia na ukuta, ambao maofisa kilimo huuhubiri kwa ajili ya ukaguzi na ufukizaji, una faida nyingine: kuli anapata pa kukimbilia.

Kuwatenganisha, na bei ya kuwatenganisha

Mwenye ghala akiulizwa habari za usalama hukimbilia kofia ngumu na vizibao vinavyong'aa. Ni vitu vizuri, na viatu vigumu ni vizuri zaidi. Lakini kizibao hakizuii tani nne, na kofia haina msaada kwa mtu aliyebanwa kifua. Kinachozuia ni kuhakikisha mashine na mtu wa miguu hawako mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hilo halihitaji fedha nyingi. Mstari wa chokaa au rangi sakafuni unatosha kuonyesha njia ya mashine. Ghala likiwa na milango miwili, mmoja uwe wa mashine na mwingine wa watu. Likiwa na mlango mmoja, wapokezane: mashine iingize chaga sita, itoke, izimwe, ndipo makuli waingie kupanga. Anayetoa ruhusa awe mtu mmoja mwenye filimbi, na ufunguo wa mashine ukae kwake dereva anapokwenda kula, kwa sababu kijana anayejaribu mashine wakati wa chakula cha mchana ni ajali iliyokwisha kupangwa.

Hapo ndipo penye mgogoro wa kweli, na wataalamu wengi wa usalama hupita haraka. Kuli analipwa kwa gunia. Ukimwambia asimame nje wakati foklifti inafanya kazi, umemwambia asimame bila malipo. Tena mashine hiyo hiyo inamnyang'anya magunia aliyokuwa akiyabeba kutoka kwenye lori. Atafanya nini? Ataingia. Atapita mbele ya meno, atadaka gunia lililolegea, atapanda juu ya chaga ili ahesabiwe kuwa amefanya kazi. Sheria ya ghala inayopunguza mkate wa kuli haiwezi kufika saa sita mchana bila kuvunjwa.

Njia inayoelekea kufaa ni kubadili malipo kabla ya kubadili kazi. Kundi lilipwe kwa lori zima, na mashine ichukue safari ya kutoka kwenye lori hadi mguuni mwa mrundikano, huku watu wakibaki na kupakia chaga, kupanga na kufunga tabaka. Kwa malipo ya namna hiyo dakika za kusubiri hazimgharimu mtu. Mwenye ghala ataona anatoa fedha kwa watu waliosimama. Ni kweli anatoa, na afanye hesabu yake akijua kwamba lori linalosubiri siku mbili kwa sababu ya ajali nalo lina gharama.

Magunia ya kilo 50 nayo yangesaidia. Kwa mashine hakuna tofauti, kwa mtu tofauti ni kubwa.

Sheria inamtambuaje kuli

Swali linalofuata ni la fedha: kuli akivunjika mguu, nani anamtibu? Jibu lililozoeleka ni mchango. Mnyapara anapitisha kofia, mfanyabiashara anatoa nauli ya kwenda hospitali Dodoma, na baada ya wiki mbili kila mtu amesahau isipokuwa mke wa aliyeumia.

Hali ya zamani ilikuwa ya aibu hata kwa wenye ajira rasmi. Chini ya sheria ya fidia ya tangu enzi za ukoloni, ya mwaka 1949, kiwango cha juu cha fidia kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Fedha hiyo isingenunua hata jeneza na usafiri wa msiba. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ndiyo iliyouanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mfuko ulianza kupokea michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Mwajiri wa sekta binafsi alianza kwa kuchangia asilimia moja ya mshahara. Kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021 na asilimia 0.5 mwaka 2022. Anayelipa ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi.

Asilimia 0.5 ni kiasi gani? Kibarua anayepata shilingi 300,000 kwa mwezi anachangiwa shilingi 1,500. Ni bei ya soda mbili. Kwa fedha hiyo anapata matibabu akiumia kazini, asilimia 70 ya kipato chake kwa muda ambao hawezi kufanya kazi, hadi miezi 24, na akibaki na ulemavu wa kudumu analipwa mkupuo au pensheni kulingana na kiwango cha ulemavu. Akifa, wategemezi wanalipwa. Upande wa pili, mwajiri asiyejisajili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 50, kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitano, au vyote viwili.

Mwenye ghala atasema makuli si wafanyakazi wake, wamekuja wenyewe na wanalipwa na yeyote mwenye mzigo. Huenda ni kweli, huenda si kweli, na asitegemee sana hoja hiyo. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atadhaniwa kuwa mfanyakazi, bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa hata jambo moja kati ya yaliyotajwa hapo lipo. Miongoni mwa hayo: kazi yake inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, au anapewa vifaa vya kazi. Kuli anayefika ghala lilelile kila siku tangu Juni hadi Agosti, akipangiwa na mnyapara yuleyule, ana hoja nzito mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayezunguka leo kwa huyu kesho kwa yule yuko pabaya zaidi, kwa sababu WCF hailindi aliyejiajiri. Kwa hao, chama kinachokusanya mazao kikiwaandikisha kama vibarua wake wa msimu, kwa majina na siku walizofanya kazi, kinakuwa kimeziba pengo ambalo hakuna mwingine wa kuliziba.

Daftari hilo la majina lina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Ajali ikitokea, kazi ya kwanza ya mwajiri ni kuitolea taarifa mapema, na madai ya fidia yana ukomo wa miezi 12. Bila jina kwenye daftari, siku ya ajali na mashahidi wawili, mtu aliyekatwa mguu hubaki na maneno matupu.

Taarifa nyingine ni ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kusajili mahali pa kazi na kulinda hata wasio waajiriwa wake wanaoweza kudhuriwa na shughuli zake, akiwamo yule mkulima aliyesindikiza magunia. Mitambo ya kunyanyulia mizigo ni miongoni mwa vitu vinavyokaguliwa na wakala huo. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi katika mazingira hatarishi, na ghala lenye foklifti haliwezi kuitwa vinginevyo.

Ajali ikishatokea, mashine izimwe kwanza. Watu wengi humpigia dereva kelele arudi nyuma, na gurudumu linapita juu ya mguu mara ya pili. Zuieni damu kwa kukandamiza kitambaa safi. Aliyeangukiwa mgongoni asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kama gunia. Alazwe juu ya ubao mpana, na chaga iliyopigiliwa mbao inafaa kwa dharura. Mfupa uliosagika haufungiki kijijini, kwa hiyo gari la kumfikisha Dodoma lijulikane tangu mwanzo wa msimu, na namba ya dereva wake ibandikwe mlangoni.

Kabla ya kukodi

AMCOS au mfanyabiashara anayetaka kukodi foklifti msimu ujao asikubaliane bei kwa simu. Aione mashine. Honi ipige, breki zishike, mkanda ufunge, kibao cha uwezo kisomeke, minyororo ya mlingoti isiwe na kutu iliyokula chuma, na mafuta ya mtambo yasivuje sakafuni. Ikiwa ni ya dizeli, milango yote ya ghala ibaki wazi, maana moshi wake katika chumba kilichofungwa unalevya na kuua. Dereva aonyeshe leseni ya daraja linalohusika na cheti cha mafunzo kutoka VETA au chuo kingine cha mitambo. Leseni ya kuendesha fuso haimfundishi mtu mkia unaofagia. Marekani, kwa kulinganisha, tangu mwaka 1999 inamtaka mwajiri kumfundisha kila dereva wa foklifti na kumpima upya angalau kila baada ya miaka mitatu, hata kama ameendesha maisha yake yote.

Mkataba uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Useme dereva ni wa nani na nani anamchangia WCF, nani anatoa amri ghalani, mashine ikiharibika nani anaitengeneza, na kwamba dereva ana haki ya kukataa kumwinua mtu au kubeba mzigo uliozidi kibao bila kukatwa malipo. Mwenye mashine asiyetaka kuonyesha cheti cha ukaguzi aachwe aondoke nayo, na lori lishushwe kwa mabega kwa magunia ya kilo 50 hadi apatikane mwingine.